Gunia si mlo: fedha za shule na chakula cha mwanafunzi

(Hotuba hii niliitoa mbele ya mkutano wa kamati za shule, walimu wakuu, wazazi na wapishi. Naiweka nzima kwa ajili ya wale ambao hawakufika. Picha zilizokuwa zikionyeshwa ukutani nimeziacha.)

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wakuu, wajumbe wa kamati za shule, wazazi wenzangu, na nyinyi wapishi mliokaa kule nyuma karibu na mlango kana kwamba mkutano huu ni wa watu wengine: hamjambo?

Nimeisikia "hatujambo" ya mbele. Ya nyuma sijaisikia. Wapishi, hamjambo? Ahsanteni. Sogeeni huku, viti vipo.

Ratiba inasema nizungumzie changamoto za uendeshaji wa shule. Mada hiyo ni pana kiasi kwamba mtu anaweza kuongea hadi magharibi na asiseme kitu. Naomba ruhusa niibane. Nitazungumzia bakuli la mchana la mwanafunzi: nani analilipia, nani analipika, na kwa nini shule nyingi huanza kupika kwa shangwe, wageni wanaalikwa, hotuba zinatolewa, halafu baada ya wiki chache ukipita jikoni unakuta majivu ya baridi.

Sababu tunayoitoa siku zote ni kwamba fedha hazitoshi. Ni kweli, hazitoshi. Sitasimama hapa niwadanganye kwamba zinatosha. Lakini chukueni shule mbili zenye wanafunzi sawa na fedha sawa. Moja inapika mwaka mzima, nyingine inapika wiki sita inakoma. Tofauti ni nini? Mara nyingi ni kwamba ile ya pili ilinunua gunia ikadhani imenunua mlo. Gunia si mlo, ndugu zangu. Mkisahau yote nitakayosema leo, hilo moja mwondoke nalo.

Nchi nzima iliwahi kujifunza jambo hili kwa njia ngumu. Tarehe 15 Agosti 1995 serikali ya India ilianzisha mpango wa taifa wa chakula kwa shule za msingi. Serikali kuu ilikuwa na nafaka tele kwenye maghala yake, ikasema itaitoa bure. Na kupika je? Kupika wakaachiwa wa chini: majimbo na mamlaka za mitaa watafute kuni, watafute sufuria, watafute mpishi na cha kumlipa. Mnadhani nini kilitokea? Majimbo mengi hayakupika. Yaligawa nafaka mbichi, kilo 3 kwa mwezi kwa kila mtoto anayehudhuria vizuri, abebe aende nayo nyumbani. Huko ikaingia kwenye sufuria ya familia nzima. Silaumu familia kula. Nasema tu kwamba yule mtoto aliyekuwa darasani saa sita mchana tumbo likinguruma, tumbo lake liliendelea kunguruma. Gunia lilikuwa limefika. Mlo haukufika.

Mwaka 2001 watetezi wa haki za raia wakaipeleka serikali Mahakama ya Juu ya India. Hoja yao ilikuwa rahisi kueleweka hata na mtoto: maghala yamefurika, nafaka nyingine inaoza, na watu wana njaa. Tarehe 28 Novemba mwaka huohuo mahakama ikatoa amri kwamba watoto wa shule za msingi za serikali wapewe chakula kilichopikwa, chenye kalori zisizopungua 300 na protini gramu 8 hadi 12, kwa siku zisizopungua 200 kwa mwaka. Majimbo yakalalamika: nafaka mnatupa, gharama ya kupika tunaitoa wapi? Ilikuwa mpaka 2004 ndipo serikali kuu ilipokubali kuchangia gharama ya kupika. Miaka tisa tangu mpango uzinduliwe kwa mbwembwe, ndipo mtu alipokaa chini akauliza moto unalipiwa na nani.

Jimbo moja lilikuwa limeshatangulia. Kamaraj, waziri kiongozi wa jimbo la Madras kuanzia 1954 hadi 1963, husimuliwa kwamba akiwa safarini alimkuta mtoto anachunga mifugo saa za masomo. Akamuuliza, mbona huko shuleni? Mtoto akamjibu kwa swali: nikienda shuleni, nitapewa chakula? Kama maneno yalikuwa hayohayo siwezi kuapa, viongozi wakubwa huzungushiwa hadithi nyingi. Lakini mpango wa chakula aliuanzisha, na mwaka 1982 jimbo hilo, ambalo sasa linaitwa Tamil Nadu, likaupanua sana: kila kituo kikawa na mratibu, mpishi na msaidizi wa mpishi, watu wenye majina kwenye orodha ya malipo. Kwa hiyo amri ya mahakama ilipotoka, wao hawakuwa na cha kukimbizana nacho. Majiko yalikuwa yanawaka tayari.

Sasa toeni kalamu. Ndiyo, mzazi, na wewe pia. Nataka tufanye hesabu pamoja, maana mkutano wa chakula cha shule usio na hesabu huwa ni mkutano wa kusikitika.

Tuchukue shule ya mfano yenye wanafunzi 500 inayofungua siku 190 kwa mwaka. Kila mtoto tumpe gramu 120 za nafaka, gramu 30 za jamii ya kunde na gramu 10 za mafuta. Si karamu hiyo, ni mlo wa kawaida kabisa wa shule. Kwa siku moja tunahitaji kilo 60 za nafaka, kilo 15 za kunde na kilo 5 za mafuta. Kwa mwaka nafaka peke yake ni kilo 11,400. Ni magunia 114 ya kilo mia mia.

Nyamazeni kidogo mlifikirie hilo. Magunia 114. Yatakaa wapi? Ofisini kwa mwalimu mkuu? Nyuma ya darasa la tatu, kando ya madumu ya rangi? Nani anazuia panya? Nani anaangalia unyevu? Nafaka ikihifadhiwa na unyevu huota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu, ambayo haionekani kwa macho na haiondoki kwa kuchemshwa. Mwaka 2004 nchini Kenya sumukuvu kwenye mahindi iliwapata watu 317, na 125 kati yao walifariki. Basi anayesema "tumeshapata magunia, chakula tayari", hajafika hata mlangoni kwa ghala.

Tuendelee. Maji. Kupika, kuosha vyombo, kunawa mikono: tuseme lita 3 tu kwa mtoto mmoja. Ni lita 1,500 kwa siku. Ndoo 75 za lita ishirini. Kama bomba lipo shuleni, mshukuruni Mungu na mlipe bili. Kama halipo, nani anazibeba ndoo 75? Mnajua nani. Watoto walewale ambao tumesema tunawalisha ili wasikose masomo, tunawatoa darasani wakachote maji ya kupikia chakula cha kuwazuia wasikose masomo. Na wasichana ndio wanaotumwa zaidi, tusifichane.

Kuni. Hapa wapishi ndio walimu wangu, nitasema mlichonifundisha. Kunde zikilowekwa tangu jana yake jioni zinaiva mapema. Sufuria ikifunikwa inaokoa moto. Jiko lililojengwa likazingirwa pande zote linakula kuni kidogo kuliko mafiga matatu yaliyo wazi kwenye upepo. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mfadhili. Kuloweka kunahitaji kitu kimoja tu: ufunguo wa ghala uwepo jioni. Mara ngapi mpishi amefika saa kumi na moja alfajiri akakaa nje ya ghala mpaka saa mbili, akimsubiri mwenye ufunguo? Wapishi wanacheka. Kicheko hicho ni ushahidi, katibu uuandike.

Na mpishi mwenyewe. Hapa nitakuwa mkali kidogo, mnisamehe. Shule nyingi humlipa mpishi kwa shukrani na ukoko. "Mama fulani anajitolea." Anajitolea mpaka lini? Ikifika msimu wa kazi yenye malipo, ataondoka, na ana haki ya kuondoka. Siku hiyo mtasema chakula kimekwama kwa sababu ya uzembe wa mpishi. Chakula kilikwama siku mlipopitisha bajeti isiyo na jina lake. Mpango unaotegemea mtu asiyelipwa umeshavunjika, tarehe tu ndiyo haijajulikana.

Halafu kuna lile bakuli la kupimia. Nendeni ghalani mkaangalie nafaka inavyotolewa. Leo bakuli linajazwa mpaka linafanya kilima, kesho linafutwa juu likawa sawa, keshokutwa anapima mwingine mwenye mkono wake. Gramu 10 tu zikizidi kwa kila mtoto, kwa shule yetu ya mfano ni kilo 5 kwa siku, na kwa mwaka ni kilo 950. Magunia tisa na nusu yameondoka na hakuna aliyeiba. Je, kukiwa na anayeiba? Wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nunueni mizani. Mizani ni rahisi kuliko vikao vya kutuhumiana.

Na pikeni kwa waliohudhuria, msipike kwa walioandikishwa. Kama wapo 430 na mnapika kwa 500, kilo nane na zaidi za nafaka zinakwenda kila siku kwa watoto ambao hawapo. Mwalimu wa zamu apeleke idadi jikoni mapema, kwa maandishi, kabla sufuria haijatelekwa. Hilo tu.

Nimekaa sana jikoni. Twende kwenye mfuko wenyewe, kwa sababu walimu wakuu wananiangalia kwa jicho la "sema na ya kwetu".

Shule nyingi duniani hupewa fedha kwa kichwa: idadi ya wanafunzi mara kiasi fulani. Inaonekana ni haki, na kwa sehemu ni haki kweli. Shida ni kwamba gharama za shule hazihesabiki kwa vichwa. Shule ikipoteza wanafunzi 40, inapoteza fedha za watoto 40. Lakini hao 40 hawakutoka darasa moja. Wametoka watano huku, sita kule. Huwezi kupunguza mwalimu, huwezi kuezua theluthi ya paa, mlinzi halali nusu usiku. Jiko ni lilelile, mpishi ni yuleyule. Fedha zimepungua, gharama ziko palepale. Shule ndogo ndizo zinazoumia hapa kuliko zote, na ukikaa ofisini ukisoma wastani hulioni.

Wanafunzi wakiongezeka nako si salama. Idadi inayotumika kugawa fedha ni ya hesabu iliyopita. Watoto wapya wamekuja na matumbo yao, fedha zao zitawafuata baadaye.

Zikichelewa, ndipo balaa lenyewe linapoanza. Mwuzaji wa nafaka anayelipwa kwa kuchelewa si mjinga. Mwaka wa kwanza atavumilia. Mwaka wa pili ataipandisha bei kimyakimya ili kufidia miezi yake ya kusubiri. Mwaka wa tatu wauzaji wazuri hawaleti zabuni tena, anabaki yule mwenye nafaka ambayo kwingine haiuziki. Kwa hiyo fedha ileile, kwa sababu tu ilichelewa, inanunua chakula kichache zaidi na kibaya zaidi. Aliyechelewesha huko juu haandikwi popote kwamba amepunguza chakula cha mtoto. Lakini amekipunguza.

Na nafaka ni rahisi baada ya mavuno, ni ghali kabla ya mavuno, kila mtu hapa anajua. Fedha za shule hazijui. Zinakuja kwa kalenda ya serikali, na kalenda ya serikali haikumuuliza mkulima.

Sasa swali la chombo kimoja. Shule ina akaunti moja. Ndani yake kuna fedha za chakula, za chaki, za ukarabati. Upepo unaezua choo. Fedha gani itaguswa kwanza? Ile inayoonekana iko nyingi: ya chakula. "Tunaazima tu." Naomba anyooshe mkono aliyewahi kuona fedha ya chakula iliyoazimwa ikarudishwa. Naona mikono miwili. Mmoja ni wa mhasibu, nitaupokea kwa heshima.

Fedha za chakula zikae kwenye akaunti yake. Zisomwe hadharani kila muhula, ubaoni, kwa herufi ambazo bibi anaweza kuziona bila miwani.

Halafu, nani alipe nini? Huwa tunabishana kama vile majibu ni mawili tu, serikali ilipe yote au mzazi alipe yote. Japani ina sheria ya chakula cha shule ya mwaka 1954 ambayo iliigawa gharama yenyewe: jengo la jiko, vifaa na mishahara ya wapishi ni jukumu la wanaoiendesha shule, yaani mamlaka ya mji au kijiji, viungo vya chakula ni mchango wa wazazi. Sisemi tuige kila kitu. Wapo wazazi wasioweza hata hicho, na nitawafikia. Lakini tazameni busara iliyomo. Ile gharama isiyopungua hata watoto wakipungua, yaani jiko na mpishi, imewekwa kwenye mkono usioyumba. Ile inayopanda na kushuka na idadi ya mabakuli ndiyo imewekwa kwa wazazi. Sisi tumefanya kinyume chake: tunapokea gunia kutoka juu na kumwambia mzazi ajenge jiko.

Kuna atakayesimama baadaye aseme nchi maskini haziwezi. Finland ilipitisha sheria ya chakula cha bure kwa wanafunzi mwaka 1943. Mwaka 1943! Ilikuwa vitani, haikuwa tajiri hata kidogo. Halmashauri zikapewa miaka mitano kujiandaa, na mwaka 1948 ikaanza kutekelezwa nchi nzima. Watoto wenyewe walitakiwa kuchangia kwa kazi kidogo, kulima bustani za shule na kuchuma matunda ya porini. Miaka mitano ya kujiandaa. Sisi tunatangaza Ijumaa, tunataka kupika Jumatatu.

Mwingine atasema wazabuni waje watupunguzie kazi. Sipingi wazabuni. Kwa shule zilizosongamana mjini, jiko moja kubwa linalopikia shule nyingi huwa na maana. Lakini sikilizeni kilichotokea Uingereza. Mwaka 1980 sheria ya elimu ilifuta viwango vya lishe vya chakula cha shule na kuziondolea halmashauri wajibu wa kulisha wanafunzi wote, wakabaki wale wenye haki ya chakula cha bure tu. Mwaka 1988 sheria nyingine ikazilazimisha halmashauri kushindanisha kwa zabuni huduma kadhaa, chakula cha shule kikiwemo. Unganisheni hizo mbili. Zabuni ipo, viwango havipo. Mzabuni atashindana kwa nini? Kwa bei. Na atashusha bei kwa kushusha nini? Shule nyingi zikabaki na majiko ya kupasha moto vyakula vilivyogandishwa vilivyotoka kiwandani. Mwaka 2005 mpishi wa televisheni Jamie Oliver aliposimama kuonyesha watoto wanakula nini, bajeti ya viungo aliyoikuta kwa mlo mmoja ilikuwa peni 37. Viwango vilirudishwa Uingereza mwaka 2001 na kukazwa mwaka 2006. Kufuta kulichukua kifungu kimoja cha sheria. Kurudisha kulichukua zaidi ya miaka ishirini.

Kwa hiyo mkiingia mkataba na mzabuni, andikeni kwanza kilichomo kwenye bakuli, kwa gramu, halafu ndipo muulize bei. Andikeni nani ana haki ya kukataa mzigo mlangoni. Kama mnanunua nafaka, fikirieni wakulima walio karibu; Brazili sheria yake ya 2009 ilitaka angalau asilimia 30 ya fedha ya serikali kuu ya chakula cha shule itumike kununua kwa wakulima wa familia. Lakini mkulima mdogo hawezi kusubiri malipo miezi minne. Tukirudi kwenye ucheleweshaji nitaanza kupandisha sauti, tuupite.

La usalama nitalisema kwa kifupi kwa sababu ni zito. Julai 2013, katika jimbo la Bihar huko India, watoto 23 walikufa baada ya kula chakula cha mchana shuleni. Uchunguzi ulikuta dawa ya kuulia wadudu kwenye mafuta ya kupikia. Watoto 23. Kwa hiyo hakuna dawa ya shamba kwenye ghala la chakula, hata kwa usiku mmoja. Hakuna chombo kilichowahi kubeba dawa kitakachobeba mafuta. Mtu mzima aonje kabla ya watoto, asubiri, ndipo kengele ipigwe. Na mpishi akisema "mafuta haya yananuka vibaya", asikilizwe kuliko mtu yeyote aliyepo shuleni, awe na cheo gani.

Sasa nije kwa yule mzazi asiyeweza.

Kila penye mchango atakuwepo. Sizungumzii mkaidi, sote tunamjua mkaidi. Nazungumzia asiyenacho. Swali gumu katika mpango wowote wa chakula si namna ya kukusanya mchango kwa walio nacho. Swali gumu ni hili: mtoto wa asiyelipa, akifika na bakuli lake mbele ya sufuria, anaambiwa nini?

Januari 2014, katika shule moja ya msingi mjini Salt Lake City, Marekani, watoto wapatao 40 walichukua sahani zao za mchana kama kawaida. Walipofika kwa mkusanyaji wa malipo ikaonekana akaunti zao zina deni. Wakanyang'anywa sahani mbele ya wenzao. Na kwa kuwa chakula kilichokwisha kupakuliwa hakiruhusiwi kupewa mtoto mwingine, kikatupwa. Mnaelewa kilichofanyika? Chakula kilikuwa kimeshanunuliwa. Kilikuwa kimeshapikwa. Kilikuwa kimeshapakuliwa. Hakuna hata senti iliyookolewa. Kilichopatikana ni aibu tu, ya watoto 40, tena nchi tajiri kuliko zote. Wazazi wakaja juu, wakubwa wakaomba radhi, na mwaka 2017 jimbo la New Mexico likatunga sheria ya kukataza kumwaibisha mtoto kwa deni la chakula.

Sisi tuna namna zetu. Orodha ya wasiolipa inabandikwa mlangoni mwa jiko. Foleni mbili. Watoto wasiolipiwa wanabaki darasani wakisikia vijiko vya wenzao, au wanapelekwa kufagia uwanja. Mwalimu anasema kwa nia njema, "ni ili wazazi wao waone aibu walipe." Wazazi hawapo pale, mwalimu. Aliyepo pale ana miaka minane.

Pendekezo langu, na hapa najua hatutakubaliana wote: deni lisifike jikoni. Mchango ukusanywe na kamati, kwa mzazi, kwa risiti, mbali na chakula. Mpishi asiwe na orodha yoyote isipokuwa idadi ya mabakuli. Anayeweza kulipa kwa nafaka alipe kwa nafaka, anayeweza kwa kazi afanye kazi, asiyeweza kabisa kamati ijue kimya na imwachie. Kwenye bajeti wekeni tangu mwanzo sehemu ya wasioweza. Kama mnapanga kwa matumaini kwamba wazazi wote watalipa, hamjapanga bado.

"Lakini wakijua wasipolipa mtoto anakula, hawatalipa." Wapo watakaofanya hivyo. Mfuateni mzazi huyo: barua, kikao, mwenyekiti wa mtaa, vyovyote. Mfuateni mtu mzima. Msimkate mtoto.

Na wanaouliza kama bakuli moja linabadilisha chochote, nitawajibu kwa mizani tena. Mwaka 1907 mjini Bradford, Uingereza, daktari wa shule aliwalisha watoto wapatao 40 wa familia maskini na kuwapima uzito mara kwa mara, akiwalinganisha na wenzao wasiolishwa. Waliolishwa waliongezeka uzito kuliko wenzao. Kisha shule ikafungwa kwa mapumziko mafupi, na uzito wao ukashuka. Hakuhitaji hotuba kama hii yangu ndefu. Alihitaji daftari na mizani. Sisi tunashindwa nini kupima watoto mwanzo wa muhula na mwisho wa muhula, tukaenda kwa mkurugenzi au kwa mfadhili na namba zetu wenyewe mkononi?

Nimemtaja mfadhili. Mfadhili ni mgeni, na mgeni anayo siku ya kuondoka. Kenya, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kusaidia chakula cha shule mwaka 1980. Mwaka 2009 serikali ikaanzisha mpango wake wa kununua chakula ndani ya nchi, shule zikawa zinakabidhiwa kwake kidogokidogo, mpaka makabidhiano yakakamilika 2018. Ilichukua miaka tisa, na bado kila mwaka vita ya bajeti ipo palepale. Mkipata mfadhili, mpokeeni vizuri, na siku hiyohiyo ya kwanza mwulizeni: unaondoka lini, na ukiondoka sufuria zinabaki kwa nani? Akikasirika, hakuwa mfadhili wa kudumu. Na tafadhalini, fedha yake iwajengee jiko, ghala na tangi la maji. Chakula kinaliwa kinakwisha, ghala linabaki.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Ninayoomba yaingie kwenye muhtasari wa leo si mengi. Kila kamati irudi na bajeti yenye mstari wa mpishi, mstari wa maji na mstari wa nishati, kabla ya mstari wa nafaka. Akaunti ya chakula ifunguliwe peke yake. Mizani inunuliwe kwa mchango wa leoleo kama inawezekana, kofia ya mzee ipo hapa, naanza mimi. Na shule ambayo hesabu yake inaonyesha inaweza kupika siku tatu kwa wiki, ipike siku tatu kwa wiki mwaka mzima na iwaambie wazazi siku zenyewe ni zipi. Isipike tano kwa mwezi mmoja.

Mengine tutayabishania kwenye maswali. Mwenyekiti, naomba kipaza sauti kianze na wapishi. Mama mwenye kitenge cha bluu alinyoosha mkono tangu niliposema habari ya ufunguo.